Maria Watatu Waliomvusha Thalía Bahari

Bangili imetupwa kwenye matope. Msichana maskini wa pwani, aliyeolewa na kijana wa nyumba ya kitajiri, anaamriwa na mama wa kambo wa mumewe aiokote kwa meno. Anapiga magoti, anaiokota. Kipande hicho cha tamthilia ya Marimar kilirushwa Mexico mwaka 1994, na haikupita miaka mingi kabla hakijawaliza watu Manila na Abidjan. Aliyepiga magoti pale alikuwa Thalía, mwimbaji wa miaka 22, na wimbo uliofungua kila sehemu ya tamthilia hiyo aliuimba yeye mwenyewe.

Waimbaji wengi wamejaribu kuigiza, na waigizaji wengi wamerekodi santuri zilizosahaulika. Thalía aliziunganisha kazi hizo mbili hadi moja ikawa inaibeba nyingine. Tamthilia ilipouzwa nchi ya ng'ambo, sauti yake ilikwenda nayo, ikisikika sebuleni siku tano kwa wiki, kwa watu ambao hawakuwahi kununua kaseti yake hata moja.

Jina lake kamili ni Ariadna Thalía Sodi Miranda. Alizaliwa jijini Mexico City tarehe 26 Agosti 1971, kitinda mimba katika nyumba ya mabinti. Baba yake, Ernesto Sodi Pallares, alifariki mwaka 1977, binti huyo akiwa bado mdogo sana. Mama, Yolanda Miranda, ndiye aliyeshika usukani wa familia na baadaye wa kazi ya mwanawe. Dada wa mama mmoja, Laura Zapata, alikuwa tayari mwigizaji, kwa hiyo milango ya studio haikuwa migeni katika nyumba ile.

Aliimba kwanza katika kikundi cha watoto kilichoitwa Din-Din. Kisha mwaka 1986 akaingia Timbiriche, kundi la vijana lililoanzishwa mwaka 1982 na kupendwa mno nchini Mexico. Alichukua nafasi ya Sasha Sökol. Humo alikuwa pamoja na Paulina Rubio, ambaye naye angekuja kuwa nyota mkubwa, na Eduardo Capetillo, ambaye miaka michache baadaye angekuwa mume wake katika Marimar. Timbiriche ilikuwa shule kali. Watoto walifundishwa kuimba, kucheza na kusimama mbele ya kamera kwa wakati mmoja, na kampuni ya televisheni ya Televisa ilikuwa karibu ikiwaangalia.

Mwaka 1987 Televisa ilimpa nafasi katika Quinceañera, tamthilia ya mzalishaji Carla Estrada. Yeye na Adela Noriega waliigiza marafiki wawili wanaotimiza miaka 15, umri ambao familia za Mexico huuadhimisha kwa misa na dhifa ya binti. Kabla ya hapo tamthilia nyingi za Mexico zilikuwa za watu wazima na mapenzi yao. Hii ilizungumza na vijana juu ya dawa za kulevya, mimba na ubakaji, na wimbo wake ulitoka Timbiriche. Kwa maoni yangu hapo ndipo mbegu ilipopandwa: mtazamaji alimwona msichana na kumsikia akiimba jioni ileile.

Aliliacha kundi mwaka 1989, na mwaka uliofuata akatoa albamu yake ya kwanza chini ya mzalishaji Alfredo Díaz Ordaz, mwana wa aliyekuwa rais wa Mexico, Gustavo Díaz Ordaz. Wengi hawakuipokea vizuri. Mashairi na mavazi yalihesabiwa kuwa ya kukosa adabu kwa binti aliyekuwa juzi tu katika kundi la watoto. Mwaka 1991 alikwenda Hispania kuendesha kipindi cha burudani kwenye kituo cha Telecinco. Angeweza kubaki huko. Televisa ikamwita arudi, na mwito ule ndio uliobadilisha kila kitu.

Alirudi kuigiza María Mercedes mwaka 1992. Ikafuata Marimar mwaka 1994, kisha María la del Barrio mwaka 1995. Wamexico wanaziita kwa pamoja tamthilia za Maria watatu. Mwelekezaji wa zote tatu alikuwa Beatriz Sheridan, naye Valentín Pimstein, mzalishaji mkongwe mzaliwa wa Chile, ndiye aliyekuwa nyuma ya mbili za kwanza. Hadithi hazikuwa mpya hata kidogo. Zilitoka kwa Inés Rodena, mwandishi wa Kuba aliyetunga michezo ya redio miongo mingi kabla, na karibu zote zilikuwa zimeshatengenezwa kwa televisheni. María la del Barrio, kwa mfano, ni Los ricos también lloran ya mwaka 1979 iliyovishwa nguo mpya. Ile ya zamani ndiyo iliyomfanya Verónica Castro ajulikane hadi Urusi.

Mhusika ni yuleyule kila mara. Wa kwanza anauza tiketi za bahati nasibu barabarani ili kulea wadogo zake. Wa pili anaishi na babu na bibi yake katika kibanda cha ufukweni. Wa tatu anaokota taka kwenye jalala. Kila mmoja anaingia nyumba ya matajiri, anadhalilishwa, anapanda ngazi, na mwishowe wale waliomcheka wanamtazama kutoka chini. Marimar anagundua kwamba baba yake ni tajiri, anabadili jina na kurudi kulipiza kisasi. Katika María Mercedes, anayemtesa ni Malvina, na Malvina aliigizwa na Laura Zapata, dada yake Thalía wa mama mmoja.

Wahakiki walimdharau Thalía kama mwigizaji, na hapo siwaungi mkono. Alikuwa na kipaji cha kuchekesha ambacho tamthilia za aina hii hazikukizoea. Maria wake walikuwa na midomo mirefu na mikono isiyotulia, walikula kwa pupa, na walijibu matusi kwa matusi kabla ya kulia. Marimar alizungumza na mbwa wake, Pulgoso, na mbwa akajibu kwa sauti iliyosikiwa na watazamaji tu. Mashujaa wa kike waliomtangulia waliteseka kwa upole. Wake waliteseka kwa kelele, na mtazamaji maskini alijiona humo akiwa na heshima yake yote.

Lakini kuna jambo linaloniuma kila ninapozitazama tena. Mexico ni nchi ya mamilioni ya watu wa asili na machotara wenye ngozi ya rangi ya udongo, na hao ndio wanaouza tiketi barabarani na kuokota taka. Televisa ilimchukua msichana mweupe wa familia ya wasomi, ikampaka masizi usoni, kisha ikamwosha alipotajirika. Mwaka 1993 mwenye Televisa, Emilio Azcárraga Milmo, alieleza hadharani kwamba nchi yake ina tabaka kubwa la watu wa hali ya chini, na kazi ya televisheni ni kuwapa burudani. Burudani waliipata. Sura zao wenyewe hawakuzipata. Ilibidi kungoja filamu ya Roma ya mwaka 2018 ndipo Yalitza Aparicio, mwanamke wa asili kutoka Oaxaca, awe sura ya Mexico mbele ya dunia, na hata yeye alitukanwa na baadhi ya watu wa tasnia hiyohiyo ya tamthilia.

Ng'ambo, Maria hao walipokewa kwa shauku ambayo Mexico yenyewe haikuitarajia. Nchini Ufilipino kituo cha RPN kiliirusha Marimar mwaka 1996 ikiwa imeingiziwa sauti za Kitagalogi, na shughuli za mji zilisimama jioni. Thalía alipozuru Manila mwaka huohuo, umati uliofurika ulikuwa kama wa kumpokea mkuu wa nchi. Mwaka 1997 aliwatolea albamu yao, Nandito Ako, akiimba baadhi ya nyimbo kwa Kitagalogi. Historia inasaidia kulielewa hilo. Kwa miaka 250, kuanzia 1565 hadi 1815, merikebu za Wahispania zilisafiri kati ya Acapulco na Manila zikibeba fedha, hariri na watu. Kanisa, majina na hata namna ya kuona aibu ya familia vilivuka bahari ileile kabla ya runinga.

Afrika Magharibi haikuwa na merikebu hizo, na bado ilinaswa. Iliripotiwa kutoka Côte d'Ivoire kwamba wakati wa Ramadhani ya mwaka 1999 misikiti mingi iliwahisha adhana ili waumini wasilazimike kuchagua kati ya sala na Marimar.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa ya kuzunguka. Mafanikio ya Marimar yaliwaonyesha wazalishaji wa Manila kwamba hadithi ya yaya na tajiri inaweza kujaza sebule kila jioni, nao wakaanza kutengeneza zao kwa mtindo huo. Mwaka 2000 walitoa Pangako Sa 'Yo, ambayo watazamaji wa Kenya wanaikumbuka kwa jina la The Promise. Yna, mtumishi anayempenda Angelo, mwana wa nyumba kubwa, na mama aliyedhulumiwa akiwa mtumishi kisha akarudi tajiri kulipiza kisasi: waliokuwa wakikimbilia nyumbani kuitazama walikuwa wakitazama damu ya Inés Rodena iliyopita Mexico na Manila kabla ya kufika Nairobi.

Muziki wa Thalía nao ulikua kwa kuegemea tamthilia hizo. Albamu ya En éxtasis ya mwaka 1995 ilikuwa na Piel morena, wimbo wa mahadhi ya kumbia uliozalishwa na Emilio Estefan huko Miami. Amor a la mexicana ikafuata mwaka 1997, na Arrasando mwaka 2000. Tamthilia yake ya mwisho, Rosalinda, ilikuwa ya mwaka 1999. Tarehe 2 Desemba 2000 alifunga ndoa na Tommy Mottola, bosi wa Sony Music na mume wa zamani wa Mariah Carey, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Albamu yake ya Kiingereza ya mwaka 2003 ilifanya vizuri kiasi, lakini Marekani ya wazungumzaji wa Kiingereza haikumhitaji kama watu wa Manila walivyomhitaji.

Utajiri ulioonekana ulikuwa na gharama. Septemba 2002 dada zake wawili, Laura na Ernestina, walitekwa nyara jijini Mexico City walipokuwa wakitoka kwenye ukumbi wa michezo. Laura aliachiliwa baada ya siku 18, Ernestina baada ya mwezi na zaidi. Familia ilitoka humo ikiwa na nyufa ambazo magazeti yamezichokonoa tangu wakati huo. Baadaye Thalía aliugua ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, akadhoofika kwa muda mrefu. Aliinuka mwaka 2009 kwa Primera fila, albamu ya tamasha la ala tulivu, bila mbwembwe za jukwaa, na kwa sikio langu ndiyo kazi yake bora ya kuimba. Mwaka 2018 wimbo No me acuerdo, aliouimba na Natti Natasha wa Jamhuri ya Dominika, ulimrudisha kwa vijana waliozaliwa baada ya Rosalinda.

Maria wenyewe wamekataa kustaafu. Mwaka 2007 kituo cha GMA cha Ufilipino kiliitengeneza upya MariMar na kumfanya Marian Rivera kuwa nyota, na mwaka 2015 kikairudia tena kwa Megan Young, Mrembo wa Dunia wa mwaka 2013. Televisa nayo iliichukua hadithi hiyo mwaka 2013, ikaiita Corazón indomable na kumpa uhusika Ana Brenda Contreras. Thalía hajarudi kwenye tamthilia. Bado anaimba.