Jumba la Maseremala, Philadelphia
Jumba hili lilianza kujengwa mwaka 1770. Sogea ukutani uone: tofali moja limelazwa kwa urefu, linalofuata kwa kichwa, mstari hadi mstari. Ni kazi safi mno.

Aliyelichora ni Robert Smith, seremala mkuu mzaliwa wa Scotland (1722–1777). Enzi hizo seremala mkuu hakuishia kwenye randa na patasi. Alichora ramani, akakadiria gharama na kusimamia ujenzi mzima. Mnara wa Christ Church, mitaa michache kutoka hapa, ni wake pia.

Wenye jumba ni chama cha maseremala kilichoundwa mwaka 1724. Kilipanga bei za kazi na kuzifanya siri ya wanachama. Septemba 1774, wajumbe wa makoloni 12 walikutana katika ghorofa ya chini, wakaafikiana kususia bidhaa za Uingereza.

Vita vya makoloni dhidi ya Uingereza vilipoanza, Smith alibuni vizuizi vya mto Delaware: makasha ya magogo yaliyojazwa mawe na kuzamishwa, yakiwa na nguzo zenye ncha za chuma za kutoboa merikebu za adui. Alifariki Februari 1777, vita vikiendelea. Chama chake kingali kinamiliki jumba hili.