Njia za Miguu Walizopita Wazee Wetu



Katika mipango ya mwaka huu lipo jambo ambalo wengine wamelicheka: matembezi ya siku moja kwa miguu juu ya vilima vya Kasanda. Wanauliza nani atoe mchango ili akachoke kupanda milima aliyozaliwa nayo. Kabla hatujajibu, tukumbushane njia hizo zilitoka wapi.

Buyungu ilikuwa na mwami wake, kama Muhambwe na Heru, na watu walikaa wametawanyika, kila mji na migomba yake. Njia ziliunganisha miji hiyo kilima kwa kilima. Safari kubwa ilikuwa ya chumvi, hadi Uvinza, zaidi ya kilomita 200 kusini kwetu, ambako maji ya chemchemi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mgeni aliyepita nchi ya Waha alilipa hongo. Stanley, akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alitozwa kusini mwa Buha, akatozwa tena, mwisho akatoroka usiku kupitia porini na watu wake wote kimya. Mzungu mwenye bunduki akikwepa ushuru wa Waha! Shuleni hatukuambiwa hilo.

Wajerumani wakaichukua chumvi, Uvinza wakaiita Gottorp. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia zilezile zikawa za manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga. Ukoo gani hapa hauna mtu aliyebaki Korogwe au Muheza?

Kilichoziua njia si barabara peke yake. Miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa Kibondo na kuwaweka pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, tukashushwa vijijini. Shule na zahanati tulizipata, hatukatai. Lakini huko juu yalibaki mahame.

Julai iliyopita tulipanda na wazee wawili. Mmoja alisimama kwenye majani marefu akatuonyesha mafiga ya mama yake, mawe matatu bado yako palepale. Kisha akaitafuta njia ya kushukia mtoni, akaikosa. Akakaa chini, akaanza kututajia majirani mji kwa mji, nasi tukaandika nyuma ya daftari la michango kwa kuwa hatukubeba karatasi nyingine.

Fedha tunazoomba ni za kufyeka njia hiyo, kuweka magogo ya kuvukia mito miwili, na kuyaandika majina ya mahame wangali hai wanaoyajua. Walioahidi kutuongoza walikuwa watatu. Mmoja tulimzika kabla ya safari.

Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Vaa viatu vya kufunga, beba maji, na kama mzazi wako bado anaweza kupanda, njoo naye.