Klorini chemchemini: Nani atajaza tangi watafiti wakiondoka?

CHEMCHEMI ikijengewa saruji na kuwekwa bomba, maji yake husafika, lakini si usafi wote unaofika nyumbani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwemo Michael Kremer na Edward Miguel, walichunguza takriban chemchemi 200 katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya. Kulingana na matokeo waliyochapisha mwaka wa 2011, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi, ila kwa asilimia 24 pekee katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani. Mtungi mchafu na kata inayoshikwa na kila mkono huharibu kazi ya fundi.

Klorini huendelea kuua vijidudu hata maji yakishafika nyumbani. Ilikuwa ikiuzwa madukani kwa chupa, lakini walioinunua walikuwa wachache. Kwa hivyo tangi dogo la klorini liliwekwa papo hapo chemchemini. Mtekaji maji hufungua vali, zikatoka mililita 3 za kutosha mtungi wa lita 20, kisha husubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Dawa hiyo hutolewa bure. Wanakijiji huchagua mwenzao wa kujitolea, naye hulijaza tangi na kuwahimiza majirani. Hapo ndipo penye ugumu wa miradi ya vyuo: utafiti una kikomo, ilhali klorini lazima iletwe daima. Mwaka wa 2013, usimamizi ulichukuliwa na shirika la Evidence Action.