Bangi, Miguu Isiyotulia na Funzo la Kigarama

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu, hasa wale wanaotoka Kagera, lipo moja lisilo na jibu la neno moja. Huuliza: ikiwa mataifa makubwa yamekwisha kuruhusu bangi itumike kama dawa, kwa nini sisi tuendelee kumfunga mkulima anayeipanda? Siku hizi swali hilo limeongezewa mkia. Wapo wanaodai kwamba mmea huo unatibu hata ugonjwa wa miguu isiyotulia, ule unaomnyima mtu usingizi usiku kucha. Udaktari wangu ni wa vitabu, si wa hospitali. Hata hivyo, swali hili lina historia ndani yake, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa katika ardhi ya Wahaya. Kwa hiyo nitalijibu kwa njia ninayoijua.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtu akikaa au akijilaza, hasa jioni na usiku, huhisi ndani ya miguu kitu kinachotambaa, kinachovuta au kinachowasha mahali pasipofikiwa na kucha. Akiinuka na kutembea hupata nafuu. Akirudi kitandani, mateso hurudi naye. Tabibu Mwingereza Thomas Willis aliueleza ugonjwa huu mwaka 1672. Mwaka 1945 Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliuandikia kitabu kizima na kuupa jina linalotumika hadi leo. Kati ya Willis na Ekbom ilipita karibu miaka 300, na katika muda wote huo wagonjwa wengi waliambiwa kwamba wana wasiwasi tu.

Tanzania nayo imo katika simulizi hii. Utafiti uliofanywa katika eneo la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, na kuchapishwa mwaka 2010, ulichunguza watu zaidi ya 7,000 na kukuta wagonjwa wachache mno. Ulaya na Amerika Kaskazini tafiti nyingi hutaja kati ya watu 5 na 10 katika kila 100. Tofauti hiyo inaweza kuwa na sababu za kurithi, kwa kuwa wanasayansi wameshatambua vinasaba vinavyohusiana na ugonjwa huu. Lakini tukumbuke pia kwamba maradhi yasiyo na jina katika lugha ya mgonjwa ni magumu kuhesabika. Mama wa Kagoma anayezunguka uani saa nane za usiku hatasema ana ugonjwa wa Ekbom. Atasema miguu inamsumbua, na huenda akajibiwa kwamba ni uchovu wa shamba.

Sasa tuutazame mmea. Jina bangi lilitufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na mmea wenyewe ulikwishaingia bara muda mrefu kabla ya bendera ya Mzungu yeyote. Mabaki yaliyopatikana katika vichwa vya viko vya kuvutia huko Ethiopia yanarudisha matumizi yake hadi karne ya 14 hivi. Richard Burton, aliyepita nchi hii kati ya 1857 na 1859 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kuhusu bangi na uvutaji wake. Jirani zetu Waganda huiita enjaga. Mmea huu, basi, si mgeni wa jana, wala hatukufundishwa na vijana wa mijini.

Je, ulikuwa dawa? Katika tiba ya Kizungu ulikuwa hivyo. Mwaka 1839 tabibu William O'Shaughnessy, akifanya kazi Calcutta, alichapisha majaribio yake ya kuutumia kwa wagonjwa wa baridi yabisi, pepopunda na degedege. Baada ya hapo dawa za maji zilizotengenezwa kwa bangi ziliuzwa katika maduka ya dawa ya London kwa miongo mingi. Hazikuondolewa kwa sababu zilithibitika kuwa sumu. Nguvu yake ilibadilika kutoka chupa hadi chupa, nazo dawa mpya za viwandani zilikuwa rahisi kupimwa.

Katazo la kimataifa lilikuja kwa mlango mwingine. Mkutano wa Geneva wa 1924 na 1925 uliitishwa kujadili kasumba na kokeini. Bangi iliingizwa humo kwa msukumo wa mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliyeieleza kama janga la jamii yake. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Ligi ya Mataifa. Hakuna Mhaya, Msukuma wala Mnyamwezi aliyekuwa na kiti katika ukumbi ule. Kisha ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ulioiweka bangi katika jedwali kali kuliko yote, pamoja na heroini. Zingatia tarehe hiyo. Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni walitenga na kueleza muundo wa kemikali inayolevya katika bangi, yaani THC, mwaka 1964. Dunia ilipitisha hukumu miaka 3 kabla ya kumjua mshitakiwa vizuri.

Hapa wanaharakati wangu hupiga makofi. Nawaomba wasubiri, kwa kuwa mkataba huohuo wa 1961 haukuzuia matumizi ya tiba na sayansi. Uliyaacha wazi kwa masharti. Na tarehe 2 Desemba 2020, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika jedwali lile kali, kufuatia ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Haikuihalalisha, ilibaki katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Kwetu, sheria ya mwaka 1995 ilifuatiwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na anayepatikana na shamba la bangi anakabiliwa na miaka mingi jela. Anayemshawishi mkulima wa Muleba apande miche michache kwa ajili ya miguu ya mama yake, bila kumweleza hilo, hamtendei wema.

Vipi kuhusu ushahidi wa tiba? Mwaka 2017 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha taarifa ya wagonjwa 6 wa miguu isiyotulia ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Walisema kwamba bangi, ambayo wengi wao waliivuta, iliwapa nafuu kubwa. Miaka michache baadaye taarifa nyingine kutoka hukohuko iliongeza wagonjwa 12. Hiyo ni habari ya kusikilizwa, lakini tuipime kwa kipimo chake. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, hapakuwa na dawa bandia, na mgonjwa alijua anachovuta. Katika ugonjwa ambao dawa bandia huleta nafuu kwa wagonjwa wengi, kasoro hizo si ndogo. Watafiti wa Brazili walipowapa kanabidioli, ile kemikali ya bangi isiyolevya, wagonjwa wa Parkinson waliokuwa pia na miguu isiyotulia, hawakuona tofauti na dawa bandia. Kwa hiyo kauli ya haki ni hii: ipo dalili, haujapatikana uthibitisho.

Tofauti kati ya dalili na uthibitisho inaweza kuonekana kama ubishi wa wasomi. Historia ya Kagera inaonesha kwamba ni suala la macho ya watu.

Mwaka 1906 Robert Koch, mwanasayansi Mjerumani aliyekuwa ametunukiwa Nobeli mwaka uliotangulia, alifika Ziwa Viktoria kutafuta tiba ya malale. Kituo chake kikuu kilikuwa visiwa vya Sese, upande wa Uganda. Dawa aliyoitumainia ilikuwa atoksili, iliyotengenezwa kwa aseniki. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu: vimelea vilipotea katika damu, waliolala waliamka, na habari njema zikapelekwa Berlin. Ugonjwa uliporudi, dozi iliongezwa. Wagonjwa 22 wakapofuka. Koch aliipunguza dozi, lakini atoksili yenyewe haikuachwa. Ilivuka mpaka hadi kambi ya malale ya Kigarama, katika nchi ya Kiziba ya Mukama Mutahangarwa, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Missenyi. Wapo waliokwenda kambini kwa hiari, wakiwa na matumaini ya mtu anayeona kifo mlangoni. Wapo pia walioondoka baada ya kuona kwamba dawa inauma na haiponyi. Kuondoka kwao kuliitwa ukaidi. Mimi nakuita tathmini ya dawa, iliyofanywa na watu ambao hakuna aliyewaomba maoni.

Sifananishi bangi na atoksili kwa sumu. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ninachofananisha ni njia: nafuu ya awali kwa wagonjwa wachache, jina kubwa linaloitetea, shauku ya dola au ya soko, kisha dozi inayopanda bila mtu kuhesabu hasara. Katika historia yetu, aliyelipa gharama ya njia hiyo hakuwa aliyeandika ripoti.

Leo msukumo haupo Berlin, upo sokoni. Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha uzalishaji wa bangi ya tiba kwa ajili ya kuuzwa nje, na kanuni zikatolewa mwaka 2021. Kuivuta nchini humo kunabaki kosa. Lesotho ilitangulia kutoa leseni mwaka 2017. Msomaji wa Kagera ataitambua sura hii. Kahawa nayo ilikuwa mmea wa heshima kwa Wahaya, ikitafunwa kwa wageni na kwa kufunga undugu wa damu, na Wakama wakidhibiti upandaji wake. Wakoloni wakaigeuza zao la kuuza, na mkulima akaanza kuishi kwa bei iliyopangwa mahali asipopajua. Sheria inaweza kuufanya mmea mmoja kuwa jinai kwa mwenye ekari moja na biashara kwa mwenye mtaji. Tukijadili bangi ya tiba bila kuuliza ni nani atatibiwa nayo, tutakuwa tumejadili mauzo tu.

Kuna jambo lililo karibu zaidi na mama yetu wa Kagoma, nalo halihitaji kura ya Umoja wa Mataifa. Ugonjwa wa miguu isiyotulia una uhusiano mkubwa na upungufu wa madini ya chuma katika ubongo. Hutokea zaidi kwa wajawazito, hasa miezi ya mwisho, na kwa wenye figo zilizoshindwa. Miongozo ya kitaalamu hushauri kupima akiba ya chuma mwilini, yaani feritini, na kuiongeza kwa mgonjwa ambaye kipimo chake hakizidi mikrogramu 75 kwa lita. Kipimo cha kawaida cha wingi wa damu hakitoshi, kwa sababu akiba inaweza kwisha kabla damu haijapungua. Aidha, malaria na maambukizi mengine yanaweza kuipandisha feritini kwa muda na kumdanganya mpimaji. Minyoo ya safura hunyonya damu, na chai au kahawa inayonywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa. Zaidi ya hayo, baadhi ya dawa za mzio, za kichefuchefu na za sonona huuchochea ugonjwa huu. Mtu anaweza kuwa anateseka kwa kidonge alichonunua dukani mwenyewe ili kipate kumlaza.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, madai yangu ni matatu. Kwanza, mhudumu wa zahanati afundishwe maswali machache ya kuutambua ugonjwa huu kwa Kiswahili na kwa Kihaya, na kipimo cha feritini kipatikane karibu na mgonjwa. Pili, vyuo vyetu na taasisi za utafiti viruhusiwe, kwa leseni na usimamizi, kuichunguza bangi kwa majaribio yenye kundi la kulinganisha na ridhaa iliyoeleweka, ili tusiwe wapokeaji wa matokeo ya wengine. Tatu, adhabu ya mwenye miche michache ijadiliwe bungeni kama suala la haki, bila kulazimika kusubiri mmea huo uthibitike kuwa dawa. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kumewanufaisha wanaotaka kutisha na wanaotaka kuuza.

Kwa wanafunzi wangu, nawaachia neno letu wenyewe. Kiswahili husema dawa za hospitali na dawa za kulevya kwa neno lilelile, dawa. Lugha yetu haikutoa hukumu mapema. Ilitaka tuulize ni dawa ya nini, kwa nani, kwa kiasi gani, na nani ameipima. Wagonjwa wa Kigarama walistahili kujibiwa maswali hayo mwaka 1907. Anayetembea uani usiku huu huko Kagoma anastahili hivyohivyo, na mahali pa kuanzia ni kipimo cha damu.