Utamu wa maandazi ya sikukuu kabla ya sukari ya dukani



Desemba ikikaribia, ukipita soko la Soweto hapa Mbeya utasikia swali moja kibanda hadi kibanda: sukari leo bei gani? Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, kilo ilipita shilingi 4,000 sehemu nyingi, na mama lishe wa maandazi alijua mwenyewe alivyoumia. Utegemezi huu hauna umri mkubwa kama tunavyodhani.

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Rungwe mwaka 1891, na Krismasi ikaingia nyanda hizi kupitia kwao na wenzao. Sukari nyeupe haikuingia kila nyumba pamoja nayo. Utamu wetu ulikuwa wa kwetu: asali ya mizinga ya magogo kutoka miombo ya Chunya, na ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa mahindi, zikafungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa mkate. Iringa wana ulanzi, ambao ukiwa bado mbichi ni mtamu kiasi cha mtoto kunywa.

Kimea cha ulezi nacho tusikipite haraka. Punje ikiloweshwa na kuota, ndani yake hutokea vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Ndiyo maana togwa lililopikwa vizuri lina utamu bila kijiko cha sukari. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kimea kikikaa muda mrefu kabla ya kuanikwa kinaharibika, na uji ukiwa wa moto mno kinakufa.

Pwani mambo yalikuwa mapana zaidi. Huko neno asali halikuwa la nyuki peke yake. Kulikuwa na asali ya nyuki, asali ya mua, na asali ya tembo inayotokana na utomvu wa mnazi. Karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalikamua na kuchemsha miwa kwa ajili ya soko la Zanzibar, na kazi hiyo ngumu walibebeshwa watumwa. Tukisifia halua na visheti vya zamani tusisahau jasho hilo. Sukari guru nayo jina lake lina asili ya India.

Kwa nini basi asali ya nyuki haikushika soko? Wakati wa Wajerumani na baadaye Waingereza, kilichotafutwa zaidi kwenye mzinga kilikuwa nta ya kusafirisha nje. Asali ilibaki nyumbani, na nyingi ikaishia kwenye pombe. Kisha vikaja viwanda: Arusha Chini miaka ya 1930, Kilombero 1962. TAZARA ilipokamilika 1975, mizigo ikapata njia nyingine ya kufika Mbeya. Sukari ya dukani ikawa ndiyo ustaarabu, guru likaonekana ni la wapika gongo.

Baada ya Vita vya Kagera, miaka ya mwanzo ya 1980, sukari ikaadimika. Waulize wazee wako habari za foleni na mgawo. Waliokuwa na mzinga walikunywa chai yao bila wasiwasi. Sukari iliporudi, mizinga ikasahaulika tena.

Leo lile neno pana la asali limegeuzwa mtego. Mtu anachemsha shira ya sukari, anaitia kwenye chupa ya maji na kuiita asali ya Chunya. Mnunuzi akishaumwa mara moja hamwamini tena hata mfugaji mwaminifu, na bei inashuka kwa wote. Ajabu ni kwamba asali halisi ikiganda kwa baridi ya Juni na Julai, wateja wanaikataa wakisema imetiwa sukari. Kuganda ni tabia yake ya asili. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe. Jaribio la njiti ya kiberiti au la tone kwenye maji halithibitishi chochote. Kinachokulinda ni kumjua mfugaji, na wewe muuzaji kuandika kwenye chupa kijiji na tarehe ya kurina. Kama ni ya miwa, andika asali ya mua. Ina wateja wake.

Kwa wapishi: sidai kila andazi lipikwe kwa asali, kwa kuwa mara nyingi bei yake ni kubwa kuliko ya sukari. Kwa keki ya sikukuu, badala ya kikombe kimoja cha sukari tumia robo tatu ya kikombe cha asali. Punguza maji au maziwa kama robo kikombe, ongeza magadi soda kidogo sana, na punguza mkaa wa juu, maana asali huwahi kubadilika rangi na kuungua. Guru likwangue, liyeyushe kwa maji ya moto kidogo, kisha lichuje kwa kitambaa safi kabla ya kukandia unga, kwa sababu huwa na takataka za miwa. Na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulamba kidoleni.

Anayetaka kuanza na mizinga kwa ajili ya Desemba ijayo aje ofisi ya kata tuzungumze mapema, kabla miti haijaanza kuchanua.