Ile U ni ya Uhuru

Ukipitia orodha za wanaastronomia, utakutana na majina yaliyokaa kama namba za gari: 4U 1700-37, 4U 1820-30, 4U 0614+09. Hivyo ni vitu vilivyo mbali sana angani vinavyotoa mionzi ya eksirei. Wengi huyapita tu hayo majina. Lakini sikia hii: ile U ni ya Uhuru. Ndiyo, neno letu la Kiswahili. Hiyo 4 ni toleo la nne la orodha, lililochapishwa 1978 likiwa na vitu 339.

Na hapana, haihusiani na rais wetu wa nne. Uhuru ni setilaiti. Ilirushwa kutoka Kenya tarehe 12 Disemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, miaka saba kamili baada ya bendera ya mkoloni kushushwa. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei angani.

Wasee wengi hawajawahi kusikia hii stori, na wale wameisikia huwa wamegawanyika mara mbili. Kuna wanaosema Kenya haina historia yoyote ya anga za juu, tulianza juzi. Halafu kuna wanaosema ni sisi tulirusha, tulikuwa mbele ya kila mtu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na ukweli unasisimua kuliko zote.

Tuanze na mahali. Ukitoka Malindi ukielekea kaskazini unafika Ngomeni. Hapo baharini, kilomita chache kutoka ufuoni, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu iliyokita kwenye sakafu ya bahari. La kurushia roketi liliitwa San Marco. La kuongozea liliitwa Santa Rita, na hilo mwanzoni lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta. Aliyeongoza mradi wote ni Luigi Broglio, profesa wa uhandisi kutoka Roma. Urushaji wa kwanza wa setilaiti hapo ulikuwa tarehe 26 Aprili 1967.

Kwa nini waje mpaka kwetu? Sababu ya kwanza ni ikweta. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, hata akiwa amekaa anakunywa chai. Kule Cape Canaveral, Florida, ni kama 1,470 hivi. Ukirusha roketi kuelekea mashariki kutoka Ngomeni, dunia inakusukuma bure, na roketi iliyotumika, Scout, ilikuwa ndogo kwa hivyo kila msukumo ulihesabika. Sababu ya pili ni bahari. Mashariki ya Ngomeni kuna maji matupu kwa maelfu ya kilomita, kwa hivyo vipande vya roketi vikianguka haviangukii paa la mtu.

Ya tatu ndiyo naipenda zaidi. Juu ya Atlantiki ya kusini, kuelekea Brazil, kuna eneo ambalo chembe zenye nguvu kutoka kwenye mikanda ya mionzi hushuka karibu na dunia. Chombo cha kupima eksirei kikipita hapo kinasikia kelele tupu, kama redio iliyokosa stesheni. Setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta hulikwepa sehemu kubwa ya eneo hilo. Mahali pazuri pa kuiweka kwenye njia hiyo ni karibu na ikweta yenyewe.

Na lazima setilaiti, kwa sababu angahewa yetu huzuia eksirei za angani zisifike chini. Shukuru kwa hilo, zingetuchoma. Lakini ina maana kwamba ukikaa hapa chini na darubini hata ya bei gani, huoni kitu. Kabla ya Uhuru, wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazopanda, zinachungulia dakika chache, kisha zinaanguka. Ni kama kujaribu kuijua Nairobi kwa kufungua dirisha la matatu sekunde mbili halafu kulifunga. Uhuru ilikaa huko juu ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikipekua anga kipande kwa kipande hadi Machi 1973.

Ilichopata kilibadilisha sayansi. Mfano ni Cygnus X-1. Ilishajulikana, lakini Uhuru iligundua kwamba mwanga wake wa eksirei unachezacheza haraka mno, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Si unajua Kasarani ikijaa? Hata mkiambiwa mnyamaze wote kwa filimbi moja, walio upande wa mbali wanaisikia wakiwa wamechelewa kidogo, kwa hivyo uwanja mzima hauwezi kunyamaza kwa mpigo. Uwanja ukiwa mkubwa, kuchelewa kunaongezeka. Nyota ni hivyo hivyo, ila badala ya sauti weka mwanga. Mwanga huchukua zaidi ya sekunde nne kukatiza jua letu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kitu kinachobadilika kwa sehemu ya sekunde lazima kiwe kidogo kuliko jua kwa mbali sana. Halafu mwaka wa 1971, wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakapima nyota inayozungukana nacho, wakaona inavutwa na kitu kizito kupita kiasi. Kidogo, kizito, hakionekani. Hivyo ndivyo dunia ilipata shimo jeusi la kwanza lenye ushahidi wa maana.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2002 kwa kazi yake ya kuanzisha sayansi hii ya eksirei za angani.

Sasa turudi kwa swali la nani alifanya nini. Vyombo vilitengenezwa Massachusetts. Roketi ilikuwa ya Marekani. Waliorusha walikuwa Waitalia. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend wa NASA, na yeye ndiye aliyechagua jina Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapokea. Kenya ilitoa mahali na lugha. Data ikaenda zake Marekani. Kwa hivyo ukisema "tulirusha sisi", hapana bana. Jina ulilopewa na mgeni kama shukrani si sawa na jina ulilompa mtoto wako mwenyewe.

Lakini pia usiniambie tulianza juzi. Kutoka 1967 hadi 1988, setilaiti tisa zilienda angani kutoka pwani yetu. Baada ya hapo urushaji ukakoma, ingawa kituo cha nchi kavu kimeendelea kufuatilia setilaiti.

Halafu angalia kilichofuata. Mwaka wa 2018, kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kiliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, kwa kazi zetu: kilimo, mafuriko, misitu. Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Yaani mwaka wa 1970 roketi iliruka kutoka kwetu ikibeba maswali ya wengine. Mwaka wa 2023 maswali yalikuwa yetu, na roketi ikaruka kutoka kwa wengine.

Mimi nachagua ya pili. Ikweta tulipewa na Mungu, hatukuisomea. Anayeamua setilaiti itazame nini ndiye mwenye kazi, hata akipanda roketi ya jirani. Watu wakisema fahari yetu ni kuwa na mahali pazuri pa kurushia, huwa nasikia mtu anayejivunia ploti iliyo kando ya barabara kuu huku wengine ndio wamejenga maduka.

Ila bado nataka zote mbili. Nataka mtoto wa Ngomeni ajue lile chuma baharini lilifanya nini, na ajue pia kwamba orodha nzima ya Uhuru iko wazi mtandaoni, bure, yeyote anaweza kuifungua na kuichambua. Ijaribu hata wewe. Na tarehe 12 Disemba hii, hotuba zikiisha na nyama ikiwa bado jikoni, muulize yeyote aliye karibu nawe kama anajua ile U ni ya nini.