Msitu Uliopotea Baina ya Nuskha

Mwaka 1998 kampuni ya Bethesda Softworks, yenye makao yake Maryland nchini Marekani, ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Redguard, na ndani ya kasha lake ikatia kijitabu kilichojifanya kuwa mwongozo wa kijiografia wa dola isiyopata kuwako. Mchezo wenyewe haukuuzika sana. Kijitabu ndicho kilichobaki vinywani mwa watu. Kiliandikwa kana kwamba kimetolewa na chama cha wanajiografia wa dola hiyo, mwaka 864 wa Enzi ya Pili ya ulimwengu huo wa kubuni, kwa sauti ya mtumishi wa serikali amsifuye bwana wake, mfalme Tiber Septim; na pambizoni mlichapwa maneno yaliyoigizwa kuwa ya mkono wa msomaji mmoja, mhasimu wa dola, aliyekuwa akimsuta mwandishi kila alipomkuta anasema uongo. Humo ndimo iliposomwa habari ya Cyrodiil, kitovu cha dola: nchi ya msitu mnene wa joto usio na mwisho, mito mipana, mpunga, vitambaa, na madhehebu yasiyohesabika. Waandishi wake wakuu walikuwa Michael Kirkbride na Kurt Kuhlmann, na ni haki kusema kwamba kabla yao ulimwengu wa Elder Scrolls, ulioanza na mchezo wa Arena mwaka 1994, ulikuwa wa kawaida mno: majoka, mapango na mashujaa wenye panga.

Miaka minane baadaye, Machi 2006, ulitoka mchezo wa Oblivion, na hadithi yake ikawekwa Cyrodiil. Mchezaji huanza gerezani, hupita katika mifereji ya maji machafu chini ya mji mkuu, kisha hutoka nje penye mwanga. Waliokuwa wamekisoma kijitabu walitoka wakitazamia msitu. Walikuta malisho ya kijani, mialoni, vilima vya upole na magofu meupe kando ya ziwa, nchi ambayo ingeweza kuwa popote katika Ulaya ya vitabu vya picha. Mamilioni ya wachezaji wapya waliipenda mara moja. Wachache wa zamani waliuliza: msitu uko wapi?

Asiyewajua wasomaji wa michezo hii ataliona swali hilo kuwa la kitoto. Lakini watu hao walikuwa wamelelewa kusoma. Katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, mlitiwa mamia ya vitabu, na vingi vinapingana kwa makusudi. Mfano ulio mzuri kuliko yote ni Masomo 36 ya Vivec. Vivec ni mshairi, shujaa na mungu anayeishi katika mji uliopewa jina lake. Na masomo hayo, aliyoyatunga Kirkbride, ni nathari nzito iliyojaa mafumbo, humo mungu akijisimulia ukuu wake tangu kabla ya kuzaliwa. Akiulizwa ana kwa ana habari za kifo cha Nerevar, rafiki na kiongozi wake wa kale, hujivua lawama. Ila katika somo la 29 mna orodha ya namba. Msomaji akizichukua namba zile na kulihesabu neno moja moja katika kila somo, maneno yanayopatikana yanaunda ungamo: kwamba hakuzaliwa mungu, kwamba uungu aliuiba, na kwamba alimuua bwana wake kwa hiari yake. Mashabiki ndio waliolifumbua fumbo hilo, pasipo kushikwa mkono. Mtu aliyefundishwa na mshairi kwamba kila herufi ina hesabu yake hawezi kuambiwa baadaye kwamba msitu mzima ulikuwa hauna maana.

Kampuni haikukaa kimya kabisa. Ndani ya Oblivion yenyewe, katika vitabu vya Mankar Camoran, adui mkuu wa hadithi, Kirkbride, ambaye wakati huo hakuwa tena mwajiriwa bali mwandishi wa kazi za mkataba, alidokeza kwamba wenye siri fulani ya kimungu waweza kuiumba ardhi upya, na ushahidi ni makao ya Mfalme Mwekundu, ambayo zamani yalikuwa msitu. Mwaka 2011, katika Skyrim, mhubiri mmoja alitiwa kinywani maneno yaliyotokana na maandishi ambayo Kirkbride alikuwa amewapa mashabiki miaka kadhaa kabla: kwamba Tiber Septim, aliyekuwa mungu kwa jina la Talos, aliwaonea huruma askari wake walioteseka kwa joto, akaigeuza nchi yao kwa pumzi yake. Jibu hilo liliwaridhisha wengi, tena lina uzuri wake. Kosa la watengenezaji limegeuzwa muujiza, na muujiza umepewa sababu ya kibinadamu: jeshi la watu wa baridi lililochoka na jasho.

Hapo mambo yangetulia. Lakini tarehe 4 Aprili 2014 studio dada ya ZeniMax Online ilifungua The Elder Scrolls Online, mchezo wa watu wengi kwa pamoja kwenye intaneti, na ikauweka mwaka 582 wa Enzi ya Pili, karibu karne tatu kabla ya Tiber Septim kushika kiti. Cyrodiil ndiyo ikawa uwanja wa vita ambamo mapatano matatu ya mataifa hugombania mji mkuu. Na Cyrodiil hiyo ilikuwa na mialoni. Hesabu ni nyepesi na haina huruma: malisho mwaka 582, msitu mwaka 864, kisha malisho tena wakati wa Oblivion. Kama Talos ndiye aliyeufuta msitu, nani aliupanda, na lini?

Waliokuwa nyuma ya mchezo walijua kwamba swali litakuja. Mkuu wa mambo ya hadithi pale alikuwa Lawrence Schick, mtu wa kalamu, ambaye kwa jina la Lawrence Ellsworth amewatafsiria wasomaji wa Kiingereza riwaya za Alexandre Dumas. Msimamo wake ulikuwa kwamba katika Tamriel hakuna sauti ya mbinguni isemayo kweli; kila habari ina msemaji wake, naye ana upande. Kwa hiyo jibu lilitolewa kwa mtindo wa wanazuoni. Katika mchezo mna kijitabu kiitwacho Subtropical Cyrodiil: A Speculation, kinachojadili dai kwamba habari ya msitu ni kasoro tu ya mnakili, na kinalikataa dai hilo, kikipendelea fikira kwamba tabia ya nchi hiyo iliwahi kubadilika kweli.

Msomaji wa hati zetu za Kiarabu ataitambua hali hii bila kufafanuliwa. Nukta moja ikianguka, neno hugeuka, na watu hubishana vizazi viwili. Habari za Kilwa nazo zimetufikia kwa nuskha ya Kiarabu na kwa muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapwa mwaka 1552, na hizo mbili hazikubaliani hata idadi ya majahazi yaliyoleta waasisi.

Hata hivyo mashabiki hawakukosea walipokasirika. Dai la kasoro ya mnakili, hata likisemwa na mhusika na kupingwa na mwenzake, lina ubaridi ambao muujiza wa Talos hauna. Muujiza ulimwambia msomaji wa 1998 kwamba alisoma sawasawa na kwamba jambo kubwa limetokea tangu hapo. Kasoro ya mnakili inamwambia kwamba alichokipenda hakikuwako. Na kuna hili pia, ambalo ubishi wenyewe uliligusa mara chache mno: kijitabu cha karatasi kiko mikononi mwa aliyekinunua, hakuna awezaye kukisahihisha; mchezo wa mtandaoni hukaa kwa mwenyewe. Oktoba 2016 ulimwengu wote wa mchezo ule ulipangwa upya, mipaka iliyowatenga wachezaji wa mapatano matatu ikaondolewa, na aliyetaka kuurudia ulimwengu wa 2014 hakuwa na nuskha ya kurudia.

Kirkbride mwenyewe alikuwa ameshatoa rai yake mapema mwaka 2014, majuma machache kabla ya mchezo kufunguliwa, kwa kuchapisha C0DA, kazi iliyowafanya mashabiki wengi waseme kwamba hakuna tena matini yenye mamlaka ya mwisho na kila mmoja ana Tamriel yake. Wengine walilipokea kama uhuru. Wengine wakasema, na wana hoja, kwamba ni rahisi kwa mtunzi kugawa bure nyumba isiyokuwa yake kisheria, na kwamba ulimwengu ambao kila neno ndani yake ni kweli hauwezi kumshangaza mtu tena. Ungamo la Vivec lilitikisa nyoyo kwa sababu aliua au hakuua.

Aprili 2025 Oblivion ilitolewa upya, sura na mwanga wake vikiwa vimetengenezwa kwa mitambo ya kisasa. Mialoni imeongezeka majani. Vitabu vya Mankar Camoran navyo bado vimo, na mchezaji akivipata aweza kusimama chini ya mti wowote wa Cyrodiil, akafungua cha tatu, akasoma habari ya Mfalme Mwekundu na makao yake yaliyokuwa msitu.